Kiti cha Tatu Kwenye Nyumba ya Ziwani

4 Februari

Wifi yangu wa vichupa,

Usishtuke kuona barua. Simu naiogopa, maana kila nikikupigia unakuwa umetoka maabara na uko wodini kando ya kitanda cha kaka yako, na yule bwana ana masikio ya paka. Nataka hili liwe letu wawili mpaka arudi.

Ni kuhusu lile gemu lake. Unalijua: majoka, mapanga, milima yenye theluji, na yule jamaa wake mwenye ndevu mpaka kitovuni anayezunguka nchi nzima akiwasaidia watu wasiomshukuru. Daktari amesema akitoka huko atalala nyumbani kwa miezi. Fundi umeme ambaye hajawahi kukaa chini hata wakati wa kula, leo alale chali aangalie dari. Atanimaliza, wifi. Kila saa atataka kujua kwa nini swichi ya jikoni imelegea. Kwa hiyo nimeamua kompyuta niisogeze karibu na kitanda na gemu nilipambe. Nasikia kuna hizi modi, vipande vya ziada ambavyo wachezaji wenyewe wanatengeneza na kugawiana: anga nzuri zaidi, miti, nyuso za watu, muziki. Hata iko moja inayogeuza majoka kuwa ng'ombe wenye mabawa. Hiyo naitaka kabisa.

Jirani wa duka la simu alijitolea kuniwekea. Nimemkatalia kwa heshima, maana flashi yake ya mwisho ilileta virusi na kompyuta ikawa inajizima kila nikiiwasha. Wewe umecheza magemu tangu usichana wako, na mtandao wa huko unashika. Nichagulie zilizo salama, nitumie kwenye flashi kwa basi la asubuhi, na uniandikie namna ya kuziweka kama unamwandikia mtu asiyejua lolote. Ndivyo nilivyo.

Cha kuchunga ni kimoja tu, ile nyumba ya kando ya ziwa mle ndani ya gemu. Marehemu Mama alipokaa na sisi mwaka wake wa mwisho, magoti yalipomkatalia kutoka nje, alikuwa anaketi nyuma ya kaka yako akimwamrisha: sufuria weka pale, hapana, shusha kidogo, kiti hicho kinaziba njia. Wakaijaza nyumba nzima hivyo. Mimi nilikuwa napita na trei za mikate nawasikia wanagombania ndoo ambayo haipo duniani. Tangu Mama atutoke, kila jioni kaka yako anamrudisha yule mwenye ndevu kwenye nyumba ile, anamkalisha, ndipo anazima. Akifika hapa hicho ndicho kitu cha kwanza atakachofungua, na nataka akikute kizuri kuliko alivyokiacha.

Na mbona hajibu meseji zangu? Nilipokuwa huko wiki ile ya upasuaji alikuwa amelala tu na madripu, nikaelewa. Sasa unaniambia anaongea na anacheka. Basi aandike hata neno moja.

Wifi yako wa mikate


11 Februari

Wifi wa mikate,

Barua yako imefika inanukia hamira, na wenzangu hapa maabara wameanza kuuliza nani huyo ananipenda hivi.

Flashi hii ya bluu ndiyo yenye modi. Sikuzizoa ovyo. Nimezichukua kwenye ile tovuti kubwa ambayo kila modi ina maelezo yake na maoni ya waliokwisha kuitumia. Nikiona watu wanalalamika, naiacha. Nikiona modi ya miti imekuja kama programu inayotaka kujiendesha yenyewe, naiacha haraka zaidi, maana miti haina sababu ya kujiendesha. Halafu zote nimezijaribu kwenye kompyuta yangu, toleo la gemu ni lile lile la kaka.

Sasa nisikilize. Kabla hujagusa chochote, chukua faili za sevu, yaani zile zinazotunza pale alipofikia, uzinakili kwenye hii flashi nyekundu, tupu, niliyoifunga pamoja na ya bluu. Kisha weka modi moja tu, fungua gemu, tembea kidogo, funga. Ndipo uweke nyingine. Nimezipa namba, fuata namba, kwa sababu zipo zinazoegemea ile iliyotangulia. Hapa kazini hatuchanganyi damu za watu watano kwenye kichupa kimoja halafu tuulize mgonjwa ni nani. Ninyi waoka mnatia kila kitu kwenye beseni mnakanda. Huku usikande, wifi. Na gemu likikuuliza swali usilolielewa, usibonyeze Ndiyo. Niulize mimi.

Anga na miti utavipenda. Nimeongeza na maandishi makubwa, na modi ya kusimamisha muda kila adui akitokea ili mtu afikiri bila haraka, na ya kuokota vitu bila kubonyezabonyeza. Iko pia moja inayohamisha amri zote kwenye mausi, mtu acheze kwa mkono mmoja, wa kushoto. Atakuwa amelala ubavu, itamrahisishia. Hizi usiziruke hata ukiziona za ajabu.

Ng'ombe wenye mabawa nimekataa.

Kuhusu meseji, dawa zinamchosha macho. Amesema nikusalimie. Alisema na mengine, lakini hayo siandiki, mimi ni mdogo wake.

Wifi yako wa vichupa


23 Februari

Wifi yangu,

Modi zako zote zimeingia, moja moja kama ulivyosema. Anga imekuwa nzuri mpaka nimeunguza trei nzima ya maandazi nikiangalia jua la uongo likizama.

Hiyo ya mkono mmoja nimeijaribu mwenyewe. Nilikalia mkono wa kulia nisishawishike kuutumia, nikamwongoza mwenye ndevu kwa kushoto, akaingia mtoni mara mbili na kugombana na mbuzi. Kisha nikajiuliza. Mtu akilala ubavu si anaweza kulala upande wowote? Mbona umechagua kushoto tu? Najua mimi si mjuzi wa mambo haya, nauliza.

Na swali jingine dogo, la udadisi tu. Tuseme mtu, si mimi, amekuta modi ya zamani sana ndani ya gemu, akaifuta. Akiirudisha, vitu vinarudi kama vilivyokuwa?

Leo nina oda kubwa, sitaandika zaidi. Msalimie mgonjwa wangu.

Wifi yako wa mikate


27 Februari

Wifi,

Umefuta nini?

Usifungue gemu tena, usisevu, usisafishe, usiguse. Niandikie na basi la kwanza.

Kuhusu kushoto, ni kwa sababu kitanda chenu kimeegemea ukuta upande wa kulia. Basi.

Wifi yako


2 Machi

Wifi yangu,

Nimetafuta namna ya kuliandika hili lionekane dogo, nimekosa. Nyumba ya Mama haipo tena.

Ilikuwa hivi. Flashi yako ilipofika nilisoma barua mpaka pale pa kunakili, nikasema kabla ya kunakili nisafishe kwanza. Mimi sikandi unga kwenye meza chafu. Nikafungua folda nikakuta modi moja kongwe kuliko zote, tarehe yake ya miaka mingi nyuma, na sevu tele za zamani. Wifi, kwangu kitu chenye tarehe ile hakikai rafuni hata kwa dakika. Nikafuta ile modi, kumbe ndiyo nyumba yenyewe. Nikafuta sevu zote nikabakiza ya mwisho. Nikafungua gemu nione kama limekuwa jepesi, likaniambia kuna kitu hakipo, niendelee? Nikabonyeza Ndiyo. Sikuwa nimefika mahali ulipoandika nisibonyeze. Likajisevu lenyewe. Ndipo nikanakili kwenye flashi nyekundu, kwa uangalifu mkubwa, na juu yake nikabandika karatasi: SALAMA.

Yule mwenye ndevu amesimama kwenye nyasi kando ya ziwa. Hakuna ukuta, hakuna sufuria, hakuna kitu. Amesimama tu kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Nimelia, nakwambia wazi. Mama alikuwa wako kabla hajawa wangu. Kwa miaka yote ile hakuwahi kunipandishia sauti, isipokuwa kwenye habari ya chumvi, na mimi nimemfuta kama mkate wa juzi. Kaka yako akirudi atafungua kompyuta, na mimi nitasema nini? Sijui kabisa. Nakupenda na ninakuogopa, na sijui barua hii utaisoma ukiwa na uso gani.

Nimesema langu. Sasa sema lako. Kitanda chetu hakigusi ukuta wowote, umekilalia wewe mwenyewe mwaka juzi ukalalamika kuwa kiko katikati ya chumba kama kaburi la mfalme. Mkono wa kulia wa mume wangu una nini?

Mwoka mikate wako


6 Machi

Wifi mpenzi,

Haushiki.

Vidole vinasogea, viwili vya mwisho vizuri kuliko vingine, lakini kijiko kinamdondoka. Alipoanguka na ngazi, mishipa ya fahamu ya shingoni ilibanwa. Daktari anasema mkono huenda ukarudi, huenda usirudi wote, na hawezi kutaja lini. Kaka aliniapisha nisikwambie. Anasema fundi umeme asiye na mkono wa kulia kazi yake ni kuwashikia wenzake tochi, na hataki umwone hivyo. Ndiyo maana meseji hazijibiwi. Mimi nikashindwa kukwambia na nikashindwa kukuficha, nikakutumia modi. Nilijua una akili. Nilikuwa nangoja tu uniulize kwa ukali. Nisamehe.

Nyumba imeniuma, sitakudanganya. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya maabara mpaka wakaja kunitafuta. Lakini uso niliosomea barua yako ni huu huu unaoujua, na haujabadilika.

Sasa sikiliza, kwa sababu kuna kazi. Mazoezi ya mkono yanamkatisha tamaa. Mtaalamu akija anageukia ukutani. Kitu kimoja tu kinamgeuza, akianza kusimulia kwamba akifika nyumbani ataingia kwanza nyumba ya mama yake. Hapo anakubali kunyooshwa vidole. Tukimwambia leo kuwa nyumba haipo, naogopa atageukia ukuta moja kwa moja. Kwa hiyo hatumwambii. Tunaijenga upya.

Modi ya nyumba bado ipo mtandaoni, nimeiweka kwenye flashi hii. Itarudi tupu, kuta na dari, kama siku mjenzi alipoikabidhi. Mpangilio wa Mama ulikuwa ndani ya zile sevu, na zile umezitupa na makombo.

Ila Mama hakubuni chochote, wifi. Mwaka ule nilipokuja likizo niliiona nyumba ile kwenye skrini ya kaka, nikajua mara moja. Ni jiko letu la zamani, la nyumba tuliyokulia. Sidhani kama aliwahi kukwambia, na kaka naye si mtu wa kusema. Ukiingia mlangoni, sufuria tatu ukutani, kubwa ianzie kushoto. Mama alikuwa mtu wa mashoto, alikata vitunguu kwa kushoto, alitushikia masikio kwa kushoto, na kila kitu alikiweka upande ule mkono wake ulipofika. Ndoo kushoto mwa mlango. Kigoda chake chini ya dirisha, mgongo ukutani, amwone kila anayeingia amechelewa. Kiti cha kaka upande wa pili wa meza, pale alipokuwa anaangaliwa akimaliza chakula. Taa juu ya kabati, kamwe isikae mezani, kwa sababu kaka aliwahi kuimwaga mafuta. Kabati lenyewe lisifunge sawasawa. Letu lilikuwa halifungi.

Rafu ya juu sikumbuki ilikuwa na nini. Nilikuwa mfupi.

Wifi yako wa vichupa


17 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nilikukasirikia asubuhi nzima. Mikate yote ikatoka imeinama upande mmoja, wateja wakauliza kama tanuri limepata kiharusi. Mchana hasira zikaisha. Ungefanyaje, na ulishamwapia?

Kisha nikampigia simu. Muuguzi akamshikia. Nikamwambia, najua habari ya mkono, usimlaumu mdogo wako, mimi nina mikono miwili na yote inafanya kazi, na wewe hukuniolea vidole. Akauliza tu, nyumba ya ziwani ikoje? Nikasema ipo. Ni uongo wangu wa kwanza mkubwa tangu ile keki ya shangazi yake niliyosema imeliwa na paka.

Kwa hiyo sasa lazima iwepo.

Nakwambia wifi, vitu vya kwenye gemu havina adabu. Ukiachia sufuria haitulii, inaruka. Ya kwanza iligonga ndoo, ndoo ikatoka mlangoni ikabingirika mpaka ziwani, nikamtuma mwenye ndevu akapige mbizi na nguo zake zote za vita. Nilipoirudisha, kabati likajifunga. Nikalifungua kidogo, taa ikaanguka. Najifunza kuachia kitu polepole karibu kabisa na mahali pake, kama unavyoweka keki yenye krimu juu ya meza. Tanuri likipoa alasiri nakaa hapo, mkono mmoja kwenye mausi na barua yako imeegemea kioo cha kompyuta.

Usiogope, kanuni zako nimezikariri. Naweka kitu kimoja, nasevu kwa jina jipya, naweka kingine. Nakala ziko kwenye flashi nyekundu, na ya bluu, na nyingine nimeificha ndani ya kopo la sukari. Sikufuta kitu hata kimoja. Nimekuwa mchafu kwa ajili yako.

Rafu ya juu nimeiwekea mikate. Kuna mwanamke sokoni kwenye lile gemu anauza mikate ya mviringo iliyokandwa vibaya sana, nimeichukua yote. Niliona aibu kuacha rafu tupu, na wewe ulikuwa mfupi, kwa hiyo tusilaumiane.

Swali: madirisha ni mawili. Kigoda kikae lipi?

Wifi yako wa mikate


21 Machi

Wifi wa mikate,

Dirisha la upande wa ziwa. Jiko letu nalo lilitazama maji, ingawa yalikuwa ya mtaro.

Anatoka Ijumaa. Gari la hospitali litamleta mpaka mlangoni. Tangu umpigie hasukumwi tena kwenye mazoezi, anamwita mtaalamu mwenyewe na kumkaripia kwa kuchelewa. Juzi alishika kikombe kitupu kwa mkono wa kulia. Kilimdondoka, lakini kwanza alikishika, nilikuwepo.

Ndani ya bahasha kuna flashi ya kijani. Ina modi moja tu, ile niliyoikataa. Nimeijaribu, haigusi sevu wala nyumba. Iwe ya mwisho kabisa, na unakili kwanza.

Wifi yako wa vichupa


9 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika kwa mkono wa Mama, ndiyo maana herufi zinalala kama walevi. Wifi yako ameniandikia anwani juu ya bahasha na kuigeuza bila kuchungulia, au kachungulia kwa ustadi.

Nimefika salama. Nimelazwa kama mtoto wa kifalme, mito minne, kompyuta imening'inia mbele ya pua. Nyumba niliifungua siku ile ile. Wifi yako alisimama nyuma ya kichwa changu na kitambaa mkononi, anafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa.

Nilijua kabla mlango haujafunguka wote. Sufuria ya katikati imetazama ukuta. Ndoo imekaa sawa mno, Mama aliiacha imeinama. Rafu ya juu imejaa mikate. Mama pale aliweka pasi yake na chupa ya dawa ya kifua, na kwa kweli asingeweka mkate juu hata umlipe, alisema unakauka. Ila kigoda kiko mahali pake hasa, kimeegemea hasa, na taa iko juu ya kabati. Hapo nikakutambua wewe.

Sijui kilitokea nini na sitauliza. Mtu anayeingia mtoni kila akijaribu kutembea, halafu mtu huyo akaning'iniza sufuria tatu za mama yangu ukutani moja baada ya nyingine, mimi nimuulize nini? Nikasema, iko kama nilivyoiacha. Akasema anaenda kuangalia tanuri. Tanuri lilikuwa limezimwa. Nikamsikia huko anapenga kamasi kwa muda mrefu, na mimi huku nikafanya vivyo hivyo, ila kimya kimya.

Nilipokaa mle ndani na yule mwenye ndevu, niliona kitu ambacho hakikunijia hata mara moja wakati wa Mama. Viti ni viwili. Mama kwenye kigoda, mimi kwangu, na wifi yako kila alasiri anapita nyuma yetu na trei. Tulikuwa tukicheka, naye akipita. Hakuna aliyemwambia kaa.

Kwa hiyo nimeongeza kiti. Nimekiweka kwa mkono wa kulia. Alasiri nzima, dada yangu. Kidole kinaambiwa nenda kushoto kinakwenda kinakotaka chenyewe, kiti kikapanda juu ya meza, kikatoka dirishani, nikakirudisha. Nilitoa jasho kama niliyebeba nguzo ya umeme. Kimekaa upande upande lakini kimekaa. Nikachukua mkate mmoja kutoka rafuni nikauweka mbele yake.

Usimwambie kuwa najua. Apa.

Halafu jana ng'ombe mwenye mabawa amepita juu ya paa akitema moto. Na hilo pia sitauliza.

Kaka yako


12 Aprili

Wifi yangu wa vichupa,

Hajagundua chochote. Wanaume ni vipofu, Mungu awalinde hivyo hivyo. Aliangalia kila kona akasema iko kama alivyoiacha. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya gunia la unga. Tumefaulu, wifi. Kila jioni anamkalisha mwenye ndevu kama zamani, na mkono anaufanyisha mazoezi bila mimi kusema neno. Leo amenikaripia kuhusu swichi ya jikoni, nikafurahi mpaka nikamletea chai.

Ila kuna hitilafu, na nimeona nikuulize mapema kabla haijaharibu kitu.

Kimetokea kiti cha tatu. Sikukiweka mimi. Nimeangalia kwenye flashi nyekundu, kwenye ya bluu, hadi ile ya kopo la sukari, kote viti ni viwili. Kimekaa vibaya, kimepinda, mguu mmoja umezama kwenye ubao wa sakafu. Mbele yake kuna mkate, na rafuni umepungua mmoja. Nafikiri ni wale ng'ombe, maana ndiyo modi ya mwisho tuliyoweka, na wewe uliikataa tangu mwanzo. Nimemuuliza kaka yako, akasema magemu yana mambo yake, akageuka kuangalia dirishani.

Safari hii sijagusa. Sijasafisha. Gemu halijaniuliza swali lolote, lakini hata lingeuliza nisingebonyeza Ndiyo. Niambie tu: nikifute, au nikiache?

Wifi yako wa mikate


16 Aprili

Wifi yangu,

Ng'ombe hawana kosa. Usikifute.

Zaidi ya hapo siwezi kusema, kaka yako ameniapisha tena na unajua matatizo yangu na viapo. Fanya hivi tu. Leo jioni tanuri likipoa, trei ziweke chini, zote. Mwambie amkalishe mwenye ndevu. Halafu vuta kiti kando ya kitanda, ukae naye.

Wifi yako wa vichupa